Mwanzi

Wamekuja Newala na taa kumi na nne
kupiga filamu ya namna tulivyopiga filamu.
Ile yetu. "Pigo la Mwisho la Kwanza",
ambayo hata leo, miaka kumi na tisa,
mwenye deni akibanwa sokoni hujibu,
"Usinisogelee, nimekwisha kufa!"
na mdai hucheka, akaondoka bila hela.

Maneno hayo aliyaandika Bakiri Likapa
nyuma ya stakabadhi ya ghala.
Msimu mzima wa korosho za baba yake
uliingia kwenye kamera ya harusi,
kanzu ya jini na mchele wa wasanii.
Bunduki aliichonga mjomba wake kwa mpingo,
hadi skrubu zake, hadi tundu la risasi.
Ndicho kitu pekee kilichokamilika katika kazi ile,
nacho kiliishia jikoni
siku ya mvua, kuni zilipolowa.

Usiku wetu ulikuwa mfuko wa rambo, wa bluu,
tuliouvalisha lenzi saa saba mchana.
Kovu la jambazi lilihama shavu.
Maiti alijikuna.
Jini alivaa saa ya mkono,
tena ilikwenda dakika tano mbele.

Na mimi, Dadi Mchopa, ndimi niliyeshika mwanzi.
Maiki ilifungwa kwa mpira wa baiskeli
kwenye mwanzi wa kuangulia mapapai,
nikausimamisha juu ya vichwa vyao.
Mnamkumbuka yule nyoka mweusi anayeshuka toka angani
Somoe anapomlilia mumewe?
Banda zima la video liliangua kicheko.
Walipiga mabenchi. Walidai irudishwe nyuma.
Yule si nyoka. Ni mkono wangu.

Sasa kijana wa Dar, Kelvini, ndiye mimi.
Shati langu limemkaa kuliko lilivyonikaa.
Mwongozaji wao, Swaumu Ndembo,
mtoto wa nesi wa Kitangari, aliyesomea mambo haya,
anapima makosa yetu kwa rula:
mwanzi ushukie hapa, kwa mwendo huu,
kivuli kikate paji la uso, kisiguse pua.
Mara ya kwanza, umewahi.
Mara ya sita, umechelewa.
Mara ya kumi na moja, "Hapo hapo! Safi!"
na watu wazima wakapiga makofi.
Sisi tulikosea mara moja tu
tukaenda kula ming'oko.

Wakati wa chai Kelvini akanifuata.
"Mzee, uliushusha kwa nini?
Dada Swaumu anasema nicheze uchovu."
Nikamwambia ndiyo, uchovu,
tangu alfajiri nilikuwa napuliza salfa shambani.
Akashukuru. Akaandika kwenye simu.

Salfa ilikuwa kweli.
Lakini Bakiri aliposema "Lia!"
Somoe hakulia kama tulivyofanya mazoezi.
Alilia kwa Kimakonde,
akiita jina la mtu
ambaye hayumo kwenye hadithi.
Bakiri hakukata. Alidhani ni kipaji.
Mimi nikasahau kwamba nimeshika kitu.
Mkono ulitaka kumfikia.
Mwanzi ukatangulia.

Pale ndipo watu wanapocheka zaidi.

Jioni wanarudia tena, kwa tahadhari.
Msichana wa kuigiza anapakwa kitunguu chini ya macho.
Somoe mwenyewe kaletewa kiti cha plastiki,
kakaa kando yangu, mkoba mapajani,
bahasha ya posho ndani ya mkoba.
Hatujaongea tangu asubuhi, labda tangu mwaka ule.
Mwanzi unashuka. Kivuli kinakata paji la uso,
sawasawa, kama mstari wa daftari.

"Mwambie huyo kijana," anasema,
macho yake kwenye taa,
"ashushe zaidi.
Wewe ulibakisha shubiri moja
ulifikie bega langu."